Walimsingizia Popo

Macho ya Amsal yalipogeuka manjano, mama mkwe wake hakumtazama usoni mara mbili. Alitazama juu, kwenye paa. Huko, kati ya boriti na nyasi zilizoungua kwa moshi wa miaka, popo walikuwa wamening'inia kama matambara yaliyosahauliwa kambani. Enguday akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, "Amepitiwa."

Hakuna aliyeuliza amepitiwa na nini. Katika Gojam, nyanda za juu za Uhabeshi, hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua kwamba popo akikuruka umelala, akakudondoshea mkojo wake, macho yako yatakuwa manjano kama bizari, haja ndogo itakuwa nyeusi kama kahawa, na chakula utakichukia kwa harufu tu. Huo ndio ugonjwa wa ndege. Tiba yake ni majani machungu, na adui yake ni hospitali, kwa maana mgonjwa wa ndege akichomwa sindano, husemwa, huzikwa kabla jua halijatua.

Pasaka ilikuwa imepita juzi tu. Mwanzoni Amsal alipoanza kutapika, Enguday alifurahi kimoyomoyo. Harusi ilikuwa ya mwezi wa kwanza, baada ya sikukuu ya Ubatizo, na hesabu ya bibi anayesubiri mjukuu haichelewi. Alimkaangia mtama kwa siagi, akamkataza kubeba mtungi. Sasa ile furaha ilimrudi kama tonge lililokwama kooni, na mtu aliyefurahia jambo lisilokuwapo hutafuta wa kumkasirikia.

Mwanawe Dessalew, mume wa Amsal, alipanda darini na kigae cha makaa na kiganja cha pilipili nyekundu. Moshi ulipowapata, popo walitoka mchana kweupe, wakajigonga ukutani, wakaangukia mapipa ya nafaka, na watu wazima wakakimbia huku wamejifunika vichwa kwa shuka. Majirani walikuja kutazama. Mmoja wao, Mantegbosh, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kufunga kwaresima, alingoja mpaka kahawa ikamiminwa ndipo akauliza, kana kwamba anauliza bei ya chumvi, "Lakini dada yangu, popo hawa walimkuta mumeo hapa, Mungu amrehemu. Mbona wewe hawakukupitia miaka yote hiyo?"

Enguday aliendelea kusogeza vikombe.

"Mimi nasema tu," Mantegbosh aliendelea. "Kwao Amsal kuna pango nyuma ya kanisa. Popo wa kule ni kama mawingu. Labda mlipomchukua bibi harusi, mlichukua na zawadi ya ndege."

Wanawake walicheka ndani ya vikombe vyao. Amsal alikuwa ameketi karibu na mlango, na yeye aliyetakiwa kuchoma kahawa ile hakuambiwa aichome.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika bila mtu kutangaza. Nyumba ile, kama nyumba zote za kule, ilikula kwenye sinia moja, mikono yote ikikutana kwenye mkate mmoja mpana wa injera, na mwenye upendo akimlisha mwenzake tonge kwa mkono wake. Amsal alianza kutengewa bakuli la bati lililochubuka, lile la kuku. Kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio kisichanganywe. Mkeka wake ulihamishiwa upande wa mbuzi, ikasemwa ni kwa ajili ya hewa. Kisha Enguday alinunua unga wa kuua viroboto, akaumwaga pembe zote, maana alikwisha kuwaza: popo amempitia yeye, kiroboto atamuuma yeye, halafu kiroboto huyo atatuuma sisi.

Amsal hakulalamika. Alikuwa msichana wa mzaha mkavu. Alilitazama bakuli lake akamwambia wifi yake Wubit, "Afadhali sasa mchuzi wangu hauna mwizi."

Wubit alicheka kisha akageuka kufuta macho. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea Amsal maji ya moto wakati Enguday yuko kanisani, na kukaa naye kwenye mkeka wa upande wa mbuzi, magoti kwa magoti. Wasichana hao wawili walilingana umri, na harusi ya Wubit ilikuwa imepangwa baada ya mavuno. Mchumba wake alikuwa mtoto wa mzee Bitew, mwenye fahali wengi na neno zito kijijini.

Mganga wa bondeni alileta majani yake. Amsal aliyanywa alfajiri tumbo tupu, akatapika mpaka nyongo, akanyweshwa tena. Dessalew alitaka kumpandisha nyumbu ampeleke mjini, kwenye kituo cha afya. Mama yake alimsimamia mlangoni.

"Unataka kumchoma sindano umuue? Halafu baba yake akiuliza, useme nini?"

"Na akifia hapa, nitasema nini?"

"Utasema tulimtibu kama watu."

Dessalew alikuwa jasiri kwa ng'ombe na kwa wanaume wenzake, lakini mbele ya mama yake alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Akamfungua nyumbu tandiko.

Aliyempeleka alikuwa baba yake Amsal, mzee Ayenew. Habari zilimfikia sokoni, zikiwa zimekwisha kuongezewa chumvi: kwamba binti yake analala na mbuzi na kula na kuku. Alikuja na nyumbu wake mwenyewe. Hakukaa wala hakunywa. Alisimama uani, akalitazama lile bakuli lililoachwa juani, akaliinua, akaliweka tena polepole kama kitu cha kanisani.

"Nilikupa mtoto, Enguday," alisema. "Hukunipa hata habari."

Enguday alitaka kusema kwamba mtoto alikuja na pango la kwao mwilini. Neno hilo lilimfika kwenye meno, likabaki hapo, kwa sababu Amsal alikuwa akipandishwa juu ya nyumbu kama gunia lisilojaa, na shingo yake haikuweza kushika kichwa.

*

Amsal hakufa. Pale kituoni walimpima damu, wakamwekea maji mshipani, wakamkataza majani ya bondeni, na wiki zilipopita weupe ulianza kurudi machoni mwake. Kilichotoka kituoni kwenda nyumbani kwa Enguday kilikuwa ujumbe: wote waliokuwa wakiishi na mgonjwa waje wapimwe.

Walikwenda watatu, mama na watoto wake. Enguday alienda kwa kiburi, kama mtu anayekwenda kuonyesha ghala lake halina panya. Tabibu alikuwa kijana mpole, Alehegn, mwenye koti la mikono mifupi. Aliwachoma vidole, akawaambia wangoje, na alipowaita tena aliuliza kama wangependa kuingia mmojammoja. Enguday akamwambia hawana siri katika nyumba yao.

Kijana alieleza kwa utaratibu. Amsal alikuwa na homa ya ini, ile inayoletwa na kirusi kinachokaa ndani ya damu. Dessalew hana, na atapewa chanjo. Lakini mama anacho, na Wubit anacho. Kwao kimelala, labda miaka mingi, labda Wubit alizaliwa nacho. Hawatakufa kesho. Waje kupimwa kila baada ya muda, waache pombe, na Wubit akiolewa, mume apate chanjo kwanza, na mtoto achanjwe siku ile ile anayozaliwa. Ndoa haikatazwi.

Enguday alisikia maneno hayo kama mtu aliye chini ya maji. Akashika lile alilolijua.

"Popo ametupitia sote, basi."

"Popo hana kosa hapa, mama."

"Hana?"

"Ana makosa yake mengine. Hili si lake."

"Viroboto je? Kunguni? Wananyonya huyu, wananyonya yule."

"Wanawasha tu. Tungekuwa tunakipata kwao, kijiji kizima kingekuwa manjano. Hakikai kwao."

"Sahani?" Sauti ya Enguday ilishuka. "Kikombe? Kulishana tonge?"

"Kuleni pamoja. Sahani haina kosa, kikombe hakina kosa. Kirusi hiki hupita kwenye damu. Wembe mmoja watu wawili. Mswaki mmoja. Mama kwa mtoto siku ya kuzaa. Mume na mke. Na sindano, kwenye sindano iliyokauka damu hukaa hata wiki nzima kikingoja." Alehegn aliwatazama. "Kuna kitu nyumbani kwenu kinachotoboa ngozi, mkakitumia zaidi ya mtu mmoja?"

Wubit aligeuza uso akamtazama mama yake.

"Hakuna," Enguday alisema.

*

Basi ijulikane kwamba Enguday ndiye aliyekuwa na mkono wa kutia fizi weusi kuliko wanawake wote wa upande ule wa mto. Msichana wa kule akikaribia kuolewa hulazwa chali, fizi zake huchomwa kwa sindano na kupakwa masizi ya taa, mpaka zinapona zikiwa nyeusi kama usiku, na meno yakang'aa juu yake. Wanawake wengine waliwatoboa watu wakatoka na madoadoa. Aliyepita kwa Enguday, akicheka, watu walisimama njiani.

Alitumia sindano tano zilizofungwa pamoja kwa uzi, urithi wa mama yake. Hakuzipitisha motoni hata mara moja. Moto, alikuwa akisema, hulegeza ncha, na sindano iliyolegea huchana badala ya kutoboa. Alizifuta kwa kitambaa na majivu, akazirudisha kwenye kibuyu chake kidogo. Na kwa bibi harusi alikuwa na desturi moja zaidi, ambayo aliipenda kuliko zote. Wifi alilala kwanza, aonje uchungu, ampe mwenzake moyo. Kisha bibi harusi alilala palepale, kwa sindano zilezile, zikiwa bado na unyevu, bila hata kufutwa. Damu zao zikikutana, alisema, hawatagombania chungu.

Siku ile kabla ya harusi Wubit alilala kwanza, na Amsal akakishika kichwa chake magotini. Halafu wakabadilishana. Wanawake waliimba:

*Wifi na wifi, damu ya kisima kimoja,*
*Atakayewatenga, na anywe tope.*

Enguday mwenyewe ndiye aliyeuanzisha wimbo huo.

*

Kikao cha kuvunja ndoa kiliitishwa nyumbani kwa mzee Ayenew, baada ya mvua za kwanza. Aliyekililia ni Yirsaw, kaka wa marehemu mume wa Enguday, mtu wa kupenda haki inapomwelekea yeye. Hoja yake ilikuwa nyepesi: tulipewa mwari mwenye ugonjwa wa pango la kwao, turudishiwe fahali wetu, na ijulikane kosa ni la nani. Dessalew hakutaka. Lakini hakusema hataki kwa sauti ya kutosha, na katika mambo ya wazee sauti ndogo huhesabiwa kuwa ndiyo.

Walipofika kwenye kivuko Enguday na Wubit walibaki nyuma kufunga mishipi. Maji yalikuwa ya udongo, yakienda kasi.

"Mama," Wubit alisema, "mzee Bitew atakuwamo. Wamemweka mzee wa kikao."

"Najua."

"Ukisema, atasikia."

"Nisiposema, Amsal ataitwa mwari wa popo mpaka anazikwa. Hakuna atakayemwoa."

"Na mimi?"

Enguday alishika mkono wa binti yake ili wavuke. Mkono huo ulikuwa baridi kama wa mtu aliyelala nje.

Uani kwa Ayenew wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye ngozi nyuma yao. Amsal alitoka ndani na mtungi wa pombe ya shayiri, kwa maana mwenye nyumba hawezi kuhukumiwa na watu wenye kiu. Alikuwa amekonda, shanga za shingoni zimelegea. Macho yake yalikuwa meupe kabisa. Alimmiminia kila mtu kwa mikono miwili, akainama kila mara. Mzee Bitew alikipokea kikombe akakishika. Yirsaw alikipokea akakiweka chini kando ya mguu wake, akajifuta vidole kwenye shuka. Wengine wakamwiga. Vikombe vilijipanga chini, vimejaa, nzi wakaanza kuja, na Amsal akaendelea kumimina mpaka mtu wa mwisho kana kwamba haoni.

Yirsaw alizungumza kwa muda mrefu. Alitaja pango. Aliwataja popo kwa wingi wao. Alisema yeye si mtu wa kumtia binti wa watu aibu, halafu akaendelea kumtia. Mzee Ayenew alipopewa nafasi alisema kwamba pango lile liko pale tangu kanisa halijajengwa, na kwamba yeye, na mkewe, na watoto wake sita, wote macho yao ni meupe, watazamwe. Hakuna aliyemtazama. Watu walikuwa wakitazama vikombe.

Enguday aliinuka kutoka kwenye ngozi. Mwanamke huruhusiwa kusema akiulizwa, na hakuna aliyemuuliza. Alipita katikati ya mabenchi, akaokota kikombe cha Yirsaw, akanywa chote, akakipindua mdomo chini.

"Shemeji," alisema, "popo hana kosa. Ni mimi."

Yirsaw akamwambia akae. Mzee Bitew akamwacha aendelee.

Akasema yote aliyoyasikia kituoni, bila mpangilio, akirudi nyuma, akiruka mbele: kwamba ugonjwa ule hauko kwa ndege, wala kwa kiroboto, wala kwenye sahani, na kwamba yeye alimlisha mtoto wa watu kwenye bakuli la kuku bure. Uko kwenye damu. Yeye anao, umelala ndani yake, na sindano ni zake. Alimpokea binti huyu mzima kama yai, akamtia fizi weusi kwa mkono wake, akamtia na ugonjwa. Aliulizwa na tabibu akakana. Sasa hakani.

Mmoja wa wanawake alipeleka kidole mdomoni mwake taratibu, akagusa fizi, akakitazama.

Mzee Bitew aliegemea fimbo yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba, na alikuwa na akili. "Enguday," alisema, "damu yako iliingiaje kwenye sindano? Ulijichoma wewe?"

Enguday alifungua mdomo. Uongo ulikuwa karibu, mwepesi kama unyoya. Kabla hajausema, Bitew alikwisha kumgeukia Amsal.

"Binti, ulikuwepo. Nani alilala kabla yako?"

Kila mtu alijua desturi ya nyumba ile. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuapa kikaoni ni kingine. Amsal alisimama na mtungi mtupu kiunoni. Neno moja lingemwosha mbele ya watu wote, na wa kulipa alikuwa ameketi pale, uso umejaa jasho. Akamtazama Wubit muda mrefu.

"Baba, nilikuwa nimefumba macho," alisema. "Naogopa sindano."

Yirsaw akacheka puani. Bitew akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa daraja avuke bila kulowa. Jambo lingekwisha pale. Ila Wubit aliinuka, na alipoinuka shuka lake lilibaki chini.

"Hakufumba," alisema. "Alikuwa amekishika kichwa changu. Mimi ndiye nililala kabla yake. Na mimi pia ninao."

Akaeleza kuhusu chanjo, kwamba mume akichanjwa hakuna neno, kwamba tabibu alisema ndoa haikatazwi. Alieleza vizuri, kwa sauti isiyotetemeka, kwa uwanja ambao ulikwisha kuacha kusikiliza. Mzee Bitew alikinywa kikombe chake mpaka mwisho, kwa heshima ya nyumba. Akamshukuru Ayenew. Akasema kosa la ugonjwa lisiandikwe juu ya Amsal wala juu ya pango, na fahali wasirudi. Kisha akachukua fimbo yake akaondoka bila kumuaga mama wala binti, na Enguday alijua kwamba baada ya mavuno hakutakuwa na ngoma.

Dessalew alimfuata mkewe nyuma ya nyumba. Alikaa huko kidogo, akarudi peke yake, akaenda moja kwa moja kumfungua nyumbu. Amsal mwenyewe alikuja kwa Enguday. Akapiga goti kama ilivyo heshima.

"Mama, nimesikia ulichosema, na Mtakatifu Giyorgis amesikia. Sina kinyongo cha kulala nacho. Lakini nyumba yako siirudii. Mwanao alimfungua nyumbu tandiko."

"Nitakutunza, mwanangu. Nitakula na wewe sahani moja mbele ya kijiji chote."

"Najua utakula," Amsal alisema. "Mwache Wubit abaki kwetu siku chache. Huko watamla kwa macho."

Wubit alikuwa amekwisha kukaa kwenye ngozi pamoja na wanawake wa nyumba ile, kichwa chini. Hakuinua uso mama yake alipoaga.

*

Enguday hakwenda kanisani Jumapili iliyofuata. Alifunga shuka lake kwa namna ya mtu mwenye msiba, akapanda mlima kuelekea nyumba ya mfinyanzi, kwa sababu ilikuwa ya mwisho kijijini na alidhani ni rahisi kuanzia mwisho. Mke wa mfinyanzi, Enanu, aliolewa mwaka jana. Alikuwa akimwogesha mtoto mchanga kwenye beseni mlangoni, maji yakimwagika kwenye udongo, mtoto akipiga miguu.

Enanu alisikia hatua, akainua kichwa. Alipomwona ni nani, alicheka kwa furaha, meno meupe juu ya fizi nyeusi zisizo na doa hata moja, kazi nzuri kuliko zote Enguday alizowahi kufanya.

"Karibu, Mama Enguday. Njoo umwone mwanangu. Umetuletea habari gani?"

Enguday alisimama nje ya kizingiti, akiutazama mdomo ule uliokuwa ukimngoja.